Usiuze kontrola tupu, uza joto lisiloyumba



Leo tuongee kuhusu bidhaa ambayo wengi mnaiposti kwa picha moja na maneno machache: "Kontrola ya joto ipo, karibu inboksi." Ni kile kiboksi cheusi kidogo chenye namba zinazowaka, kimeandikwa STC-1000, kinakuja na waya mmoja wenye sensa mwishoni. Wanakinunua wenye mashine za kutotolea vifaranga, wanakinunua mafundi friji, na kuna mteja mwingine ambaye wauzaji wengi hawamuelewi: anayetengeneza bia nyumbani kwa ajili ya kunywa mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: ukimuuzia huyu mteja kontrola tupu, hujamuuzia alichokuja kutafuta. Yeye anataka joto lisiloyumba kwa wiki mbili. Kiboksi ni kipande kimoja tu cha hiyo kazi. Muuzaji anayeelewa tofauti hiyo anapata faida kubwa zaidi, na mteja anabaki salama. Asiyeelewa anauza halafu anablokiwa.

Tuanze na kwa nini joto ni ishu kubwa hivyo.

Bia inatengenezwa na hamira. Binadamu anapika kimea na hopsi, anapooza, anaweka hamira, basi. Kuanzia hapo hamira ndiyo inayofanya kazi, na hamira ina joto lake inalolipenda. Bia za aina ya eli zinapenda kama nyuzi 18 mpaka 22. Laga, hizi za baridi tulizozoea baa, zinachachuka kwenye nyuzi 8 mpaka 13 hivi. Joto likizidi, hamira inakimbia mbio, inatoa vilevi vizito vyenye ukali wa kuchoma koo na harufu ambazo mtu hakuzitaka. Likishuka sana, hamira inalala na kazi inasimama katikati.

Sasa sikiliza hii, maana ndiyo wauzaji wengi hawaijui. Hamira ikifanya kazi inatoa joto lake yenyewe. Bia ndani ya ndoo inaweza kuwa na nyuzi kadhaa juu ya hewa ya chumba. Kwa hiyo mteja akikuambia "chumba changu kina nyuzi 22, kiko poa tu", ndani ya ndoo yake inaweza kuwa 25 au zaidi. Kwa Dar, ambako hewa yenyewe inafika 30, bila kupooza hakuna bia ya maana hapo. Kwa Iringa au Njombe mwezi wa saba, shida inageuka: usiku unahitaji kupasha.

Na hili si jambo la wazungu wa mtandaoni wenye muda mwingi. Mwaka 1553 huko Bavaria, Ujerumani, mtawala alipiga marufuku kupika bia kuanzia Aprili 23 mpaka Septemba 29, kwa sababu bia ya msimu wa joto ilikuwa inaharibika. Waliishi hivyo kwa vizazi na vizazi. Miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde akatengeneza mashine za kuleta baridi, na kati ya wateja wake wa mwanzo kulikuwa na kiwanda cha bia cha Spaten, Munich. Yaani hata friji uliyonayo jikoni, historia yake imepita kwenye pipa la bia. Watu wamehangaika na hili joto muda mrefu, wewe unaliuza kwa picha moja.

Haya, mfumo wenyewe unafanyaje kazi?

Mteja anakuwa na friji, mara nyingi ya zamani. Ndani anaweka ndoo ya bia. Huko Marekani kipimo cha kawaida ni galoni 5, kama lita 19. Friji peke yake haifai, kwa sababu themostati yake imetengenezwa kwa chakula, inashuka mpaka nyuzi 4 hivi. Hapo ndipo kontrola inaingia. Friji inachomekwa kwenye kontrola badala ya kuchomekwa ukutani. Kontrola inasoma sensa, joto likipanda inaiwasha friji, likifika sawa inaizima. Upande wa pili inawasha kitu cha kupasha, kwa mfano mkanda wa joto unaozungushwa kwenye ndoo. Mtu analala, mfumo unafanya kazi.

STC-1000 ina mipangilio minne tu, na muuzaji unatakiwa kuijua kichwani:

F1 ni joto unalotaka. Tuseme 19.

F2 ni nafasi ya kuyumba. Ukiweka 0.5, friji inawaka joto likifika 19.5 na kuzima likirudi 19. Upande wa kupasha unawaka likishuka 18.5.

F3 ni dakika za kusubiri kabla kompresa haijawaka tena. Unaweza kuweka 1 mpaka 10.

F4 ni ya kurekebisha sensa kama inasoma pembeni kidogo.

Hiyo F3 usiipite haraka. Kompresa ikizima halafu ikawashwa papo hapo, gesi ndani bado ina presha, inabidi isukume kwa nguvu, inachemka na mwisho inaungua. Na sisi umeme wetu tunaujua, unakatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi. Uzuri ni kwamba hiki kiboksi kinasubiri dakika zake hata umeme ukiwa umerudi sasa hivi. Hiyo ni sababu ya kuuza. Ni kitu cha kuandika kwenye posti yako! Mbona hakuna anayekiandika?

Sasa tuje kwenye hatari, na hapa ndipo siko tayari kubembeleza mtu.

Kontrola hii inakuja bila plagi, bila soketi, bila boksi la kufunika. Nyuma ina skrubu 8 za kufungia waya. Skrubu 1 na 2 ni za umeme wa kuiwasha. 3 na 4 ni sensa. 5 na 6 ni upande wa kupasha, 7 na 8 upande wa kupooza. Mteja asiyejua anadhani 5 na 6 zinatoa umeme zenyewe. Hazitoi. Ni swichi tu. Lazima laivu ipelekwe kwenye 5 na 7, halafu 6 na 8 ndiyo ziende kwenye soketi. Asipojua hivyo, atahangaika usiku kucha, atakuandikia kwamba umemuuzia feki, na mbaya zaidi ataanza kuunganisha kwa kubahatisha. Hiyo ni volti 230, karibu na friji, karibu na ndoo ya maji. Mtu anaweza kufa.

Swichi hizo za ndani zimeandikwa ampea 10. Friji ndogo ya nyumbani inaweza kuendeshwa nazo, lakini kompresa inapoanza inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya inavyotumia ikiwa imeshawaka. Mteja akisema ana frijibaridi kubwa la bucha, usimwambie "itafaa tu bosi". Mwambie aweke kontakta, na amtafute fundi.

Kwa hiyo ushauri wangu: acha kuuza kitupu. Mtafute fundi umeme mmoja unayemwamini, mwenye kufanya kazi safi. Nunua boksi la plastiki, soketi mbili, waya wenye plagi ya fyuzi, na waya wa ardhi ufungwe vizuri kwenye soketi zote mbili. Andika kwa stika: BARIDI hapa, JOTO hapa. Umemaliza. Sasa unauza mfumo ambao mteja anachomeka na kutumia.

Mtu atasema "lakini zipo zilizounganishwa tayari kutoka kiwandani, kama Inkbird". Kweli, ITC-308 ni nzuri, inachomekwa tu, ina soketi mbili. Lakini kwetu ni ya kuagiza, na plagi zake mara nyingi haziingii kwenye soketi zetu za pini tatu bila adapta. Na wapo wengine wanaojenga wenyewe kwa Arduino au Raspberry Pi, na sensa ya DS18B20, na programu ya bure kama BrewPi inayochora hadi grafu. Hao ni mafundi, wanajua wanachotafuta, wauzie vipande. Mteja wa kawaida yuko katikati: hana muda wa programu, hana subira ya kuagiza. Huyo ndiye wa kwako.

Tupige hesabu. Hizi ni namba za mfano tu, weka za kwako. Tuseme kontrola umeipata kwa 25,000. Ukiiuza tupu kwa 30,000, umepata 5,000, hapo bado hujatoa bando na muda wa kujibu maswali. Sasa ongeza boksi 6,000, soketi mbili 8,000, waya na plagi 8,000, fundi 10,000. Jumla imekuwa 57,000. Ukiuza 80,000 umebaki na 23,000. Ili upate hiyo hela kwa kontrola tupu inabidi uuze karibu tano. Wateja watano, maswali ya watano, lawama za watano.

Kabla hujatuma mzigo, ijaribu. Weka barafu iliyovunjwavunjwa kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza sensa. Inatakiwa isome 0, au karibu sana. Ikisoma 1, rekebisha kwa F4. Halafu chomeka balbu moja kwenye kila soketi, shika sensa kwa mkono ipate joto, uone upande wa baridi unawaka. Itoe kwenye mkono na uirudishe kwenye barafu, uone upande wa joto unawaka. Rekodi video hiyo. Sekunde 30 tu. Video hiyo ndiyo tangazo lako, na ndiyo ushahidi wako siku mteja akisema ilifika mbovu.

Mteja akija inboksi, usianze na bei. Muulize maswali manne. Unataka kupooza, kupasha au vyote? Friji yako ni ya ukubwa gani? Unakaa wapi? Unaweka sensa wapi? Hilo la mwisho ni muhimu. Wengi wanaiacha inaning'inia hewani ndani ya friji, halafu wanashangaa friji inawaka na kuzima hovyo huku bia ikiwa na joto lake tofauti. Mwambie aibandike ubavuni mwa ndoo, aifunike na kipande cha sponji ili isome bia badala ya hewa. Na kama anatumia balbu kupasha, aifunike ndoo isipate mwanga, maana mwanga na hopsi hazipatani, bia inatoa harufu mbaya. Ushauri huo haukugharimu kitu, ila mteja hatausahau.

Kuna jambo la sheria pia. Marekani kutengeneza bia nyumbani kuliruhusiwa kitaifa kwa sheria aliyosaini Rais Jimmy Carter mwaka 1978: kwa mwaka galoni 100 kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, 200 kama ni wawili au zaidi, na si ya kuuza. Kwetu pombe ya kuuza ina leseni zake. Kwa hiyo kwenye tangazo lako usiandike "anzisha kiwanda chako cha bia chumbani". Unauza kifaa cha kudhibiti joto. Atakayetaka kuuza pombe akafuate utaratibu kwanza.

Na msiogope kwamba soko la bia ya nyumbani kwetu ni dogo. Ni kweli ni dogo. Lakini boksi lile lile, bila kubadilisha waya hata mmoja, linamfaa mama anayetengeneza mtindi, linamfaa mwenye mashine ya vifaranga anayetaka nyuzi 37 na nusu, linamfaa anayehifadhi maua. Mtu wa bia amekufundisha kuwa makini tu, kwa sababu yeye akikosea nyuzi tatu, lita 19 zinamwagwa.

Sisi wauzaji wadogo hatuwezi kushindana kwa bei na mtu anayeleta kontena. Tunaweza kumshinda kwa kujua bidhaa inafanya kazi gani mikononi mwa mteja. Hapo hata mwenye kontena atakuja kukuuliza.

Wewe unayeuza vifaa vya umeme mtandaoni, unauza vitupu au vimeunganishwa? Na fundi wako unamlipa vipi, kwa kipande au kwa siku? Weka jibu lako hapo chini, tujifunze wote.

Kazi njema.