Msitu wa Sekenke: Wanakijiji wanalinda, nani anavuna?

KWA dereva wa lori anayetoka Singida kuelekea Nzega, Sekenke ni mlima wa kushuka kwa gia nzito kabla ya kufika Shelui na tambarare ya Wembere. Kwa mwanahistoria, ni mahali ambapo Wajerumani walichimba dhahabu iliyotengenezewa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, vita ilipokuwa imewafungia njia ya fedha kutoka kwao. Kwa mchumi, Sekenke ni miti: msitu wa hifadhi wa Sekenke-Tulya na mapori ya miteremko inayoelekea Ziwa Kitangiri, mali ya umma ambayo ulinzi wake wa kila siku hauwezi kufanyika bila wanakijiji.

Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 ziliwafungulia wananchi milango miwili. Mlango wa kwanza ni msitu wa hifadhi wa kijiji, ulio kwenye ardhi ya kijiji, ambapo kijiji ndicho mwenye mali na ndicho kinachokusanya mapato. Wa pili ni usimamizi wa pamoja, ambapo msitu unabaki wa serikali kuu au wa halmashauri, na kijiji kinaingia kama mbia kwa mkataba. Milango hii inafanana kwa nje, lakini hesabu zake zinatofautiana sana.

Mkoa wa Singida ulikuwa miongoni mwa walimu wa mlango wa kwanza. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyozunguka msitu wa Mgori vilianza kuulinda vyenyewe, wakati huohuo Duru-Haitemba kule Babati ikifanya vivyo hivyo. Walinzi walitoka kijijini, sheria ndogo zikatungwa kijijini, na faini ikaingia kijijini. Sheria ya mwaka 2002 kwa kiasi kikubwa iliandika kile ambacho vijiji hivyo vilikuwa vimekwisha kukionyesha.

Tatizo liko kwenye mlango wa pili. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kamati ya maliasili ya kijiji inapeleka doria ya watu wanne mara mbili kwa wiki. Hizo ni siku nane za kazi kwa wiki, au siku 416 kwa mwaka. Kibarua cha shamba kikiwa shilingi 5,000 kwa siku, kijiji kimetoa shilingi 2,080,000 kwa mwaka bila risiti wala shukrani. Na siku hizo hazitoki hewani. Nyingine zinaangukia msimu wa kupalilia mtama na alizeti, ambapo siku moja ya kuchelewa huonekana ghalani.

Upande wa mapato, msitu ukiwa wa kuhifadhi vyanzo vya maji na udongo, mbao haziguswi. Kinachobaki ni asali, kuni zilizoanguka, uyoga, dawa na faini. Lakini kamati inayotegemea faini ina kasoro ya kimaumbile: ikifanya kazi vizuri, wahalifu wanapungua na mfuko unakauka. Haishangazi kwamba kwa miaka mingi baada ya sheria kupita, mikataba mingi ya usimamizi wa pamoja nchini ilikaa bila kusainiwa, kwa sababu mgawanyo wa mapato ulikuwa haujaelezwa bayana.

Ikilinganishwa na sehemu nyingine, tofauti inaonekana. Huko Kilwa, kijiji cha Kikole kilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa msitu mwaka 2009 na kikauza magogo yake chenyewe. Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji viligawa misitu yao katika vipande vya mita 50 kwa 50, vikavuna mkaa kwa zamu na kuacha visiki vichipue. Hiyo yote ni misitu ya vijiji. Mbia wa msitu wa serikali hana uhuru huo.

Sekenke ina mzigo wa ziada. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanahitaji matimba ya kuzuia mashimo yasiporomoke, na barabara ya lami imeusogeza mkaa karibu na mteja. Kumwambia mchimbaji aache miti bila kumwonyesha pa kununua ni sawa na kumwambia aingie shimoni bila matimba. Hapa ndipo vijiji vyenye ardhi nje ya hifadhi vingeweza kutenga eneo lao, kulisajili kama msitu wa kijiji, na kumuuzia mchimbaji kwa kibali na risiti. Mapato hayo yangelipa posho ya doria ndani ya hifadhi.

Asali nayo isidharauliwe. Singida ina jina katika soko hilo, na nyuki hawahitaji mti ukatwe. Ila vikundi vya wafugaji nyuki vinahitaji haki iliyoandikwa: mizinga mingapi, eneo gani, kwa miaka mingapi, na nani anajulishwa kabla ya moto wa kusafishia kuwashwa. Kikundi kinachoomba mkopo wa mashine ya kukamulia kitaulizwa karatasi hiyo kwanza, na bila saini ya mwenye msitu, mizinga yake 100 iliyo ndani ya hifadhi ni vigumu kuhesabiwa kuwa mali.