Iga Barrière: Mafundi waache kupiga formati kadi za wakimbizi

Katika sekretaria za umma za Iga Barrière, kwenye barabara ya Bunia kwenda Mongbwalu, neno moja limekuwa dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta: formati. Mama analeta kadi ya memori ya simu yake ili atolewe picha moja kwenye karatasi. Kadi inaingizwa katika mashine. Inapotoka, picha hazionekani tena. Kuna vialama vyenye mshale mdogo, kila kimoja na jina la folda yake, na ukivibofya hakuna cha maana kinachofunguka. Fundi anatazama, anatikisa kichwa: "Hii ni virusi, mama. Tupige formati." Mama analipa, anarudishiwa kadi tupu, anaambiwa imepona.

Kwa mtu aliyelala nyumbani kwake jana, hasara hiyo ni ndogo. Kwa familia zilizokimbia vijiji vya Djugu tangu mwisho wa 2017, wengine mara tatu au nne, kadi hiyo inaweza kuwa ndiyo mali yote iliyobaki ya maisha ya zamani: sura ya baba aliyekufa, nyumba kabla haijachomwa, picha ya kadi ya uchaguzi ambayo yenyewe ilibaki porini. Kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha wengi hapa Kongo. Mtu anayeifuta picha yake kwa dakika mbili angepaswa kwanza kujua anafanya nini, na wengi hawajui.

Maana virusi hivyo, mara nyingi, havikufuta kitu. Vinaficha. Vinachukua folda za mtu, vinazipa alama ya kufichwa na alama ya mfumo ili Windows isizionyeshe, kisha vinaweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lile lile. Mwenye kadi akiibofya, anaviamsha virusi mwenyewe. Zamani havikuhitaji hata kidole cha mtu, kwa sababu Windows ilikuwa inafungua yenyewe programu iliyo ndani ya flashi. Mnamo Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzima tabia hiyo hata katika Windows za zamani, na tangu hapo virusi vya flashi vimezidi kutegemea udanganyifu. Picha za mama bado zimo ndani ya kadi, nzima, wakati fundi anapobonyeza formati. Anayezifuta ni yeye.

Dawa yenyewe haina gharama. Kwanza mashine isafishwe, maana kuponya kadi ndani ya mashine yenye ugonjwa ni kazi bure. Kisha kadi ipitishwe katika antivirusi, halafu fundi afungue dirisha jeusi la amri na kuandika, kama kadi imepewa herufi F:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Folda zinarudi. Zile njia za mkato zinafutwa kwa mkono. Na kama kadi imekwisha kupigwa formati, mwenye kadi asiweke wimbo wala picha mpya ndani yake, kwa sababu formati ya haraka haifuti kila kitu papo hapo. Ipo programu ya bure, PhotoRec, inayoweza kurudisha picha nyingi mradi hazijaandikiwa juu. Fundi anayetoza watu pesa na hajawahi kuijaribu ajifunze wiki hii.

Hapo ndipo ugomvi wa pili unapoanza, ule wa antivirusi gani. Huyu anaapa kwa Kaspersky, yule kwa Avast, mwingine kwa Smadav, kama watu wanaobishana juu ya timu za mpira. Jina la mtaa wetu lingetosha kuwaeleza jambo. Askari wa barriere akipewa orodha ya wahalifu ya mwaka jana, mhalifu wa mwezi huu atapita huku akimsalimia. Antivirusi ya kwenye mashine isiyo na intaneti ndiyo askari huyo. Mashine nyingi za hapa zina alama ya antivirusi pembeni ya kioo, ya kijani au nyekundu, na orodha yake ni ya tangu siku iliposakinishwa.

Kaspersky ni programu yenye nguvu, hilo halina ubishi, ingawa Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake huko mwaka 2024 kwa sababu za usalama wa taifa. Lakini inayozunguka sokoni mara nyingi si Kaspersky iliyonunuliwa. Ni ya kuvunjwa, iliyoletwa kwenye flashi pamoja na kifaili cha kuivunjia ufunguo, na maelezo yake huanza na sharti moja: zima kwanza ulinzi wote wa mashine. Watu wanamfukuza mlinzi ili wamwingize mlinzi aliyeletwa na mwizi! Halafu wanashangaa mashine inavyokuwa nzito. Bora diski ya uokoaji ambayo Kaspersky yenyewe inaitoa bure, inayowasha mashine kutoka kwenye flashi na kusafisha Windows ikiwa imelala.

Smadav ya Indonesia inapendwa kwa sababu ni nyepesi na inatazama flashi. Watengenezaji wake wenyewe wanaieleza kama nyongeza ya antivirusi nyingine. Kuiacha peke yake kazini ni kumpa mtoto zamu ya usiku. Na kurundika antivirusi kubwa mbili kwa pamoja ni vibaya pia: zinapigana, na mashine yenye memori ndogo inasimama.

Inabaki Defender, iliyomo tayari ndani ya Windows 10 na 11, bila kulipa. Mafundi wengi wanaidharau. Kuna sababu ya kweli ya kuitilia shaka, na isifichwe: Defender inategemea sana kuuliza seva za Microsoft, na maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, inapopima antivirusi bila intaneti, mara kadhaa imeiona ikiachwa nyuma na Avast, AVG na Bitdefender. Kwa mashine isiyounganishwa kamwe, Avast ya bure inashika zaidi. Lakini Avast nayo ina doa. Kampuni yake ndogo Jumpshot ilikuwa inauza habari za kurasa ambazo watumiaji wanatembelea. Ilifungwa Januari 2020, na Februari 2024 serikali ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Kwa sekretaria inayoandika barua za wakimbizi na kupiga nakala za vitambulisho vyao, hilo si jambo la kupuuza.

Kwa hiyo chaguo la busara kwa meza nyingi za hapa ni Defender, lakini Defender inayolishwa. Udhuru wa "hatuna mega" hausimami. Microsoft inatoa faili moja, mpam-fe.exe, yenye orodha nzima mpya. Inapakuliwa mara moja mahali penye intaneti, inabebwa kwenye flashi, inafunguliwa katika kila mashine isiyo na mtandao. Hakuna juma linalopita bila mtu kutoka hapa kuteremka Bunia. Wenye sekretaria wakichanga pesa ya mega ya faili moja, kila mmoja atatoa kidogo kuliko anachotoza kwa formati moja.

Mashine za Windows 7 ni habari nyingine. Microsoft iliziacha tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Defender ya ndani yake bado inapata orodha mpya. Mwenye Windows 7 asiingize kadi ya mtu ndani yake. Aitumie kuandikia tu.

Mafundi nao wana malalamiko yao. Umeme ni wa paneli, jua likizama kazi imekwisha, wateja wamesimama mlangoni, na kusafisha mashine nzima kunaweza kula saa mbili. Ni kweli. Lakini kamati ya kambi inapoleta orodha ya familia kwenye flashi ili ichapishwe, na flashi hiyo ikarudi na mishale, ni nani atakayekaa siku nzima kuwahesabu watu upya? Majina yanayopotea hapo ni ya watu wanaosubiri unga.

Wateja pia wana la kufanya, na halihitaji fundi. Adapta ya plastiki inayobeba kadi ndogo ya memori ina kibonye kidogo pembeni. Kikisukumwa upande ulioandikwa Lock kabla ya kadi kuingizwa, mashine nyingi zinaweza kusoma picha lakini haziwezi kuandika chochote ndani, hata virusi. Anayetaka picha moja itolewe aje na adapta yake, akisukume mwenyewe, na asimame hapo hapo. Fundi akisema lazima kifunguliwe, aulizwe ni cha nini, na kama hana jibu, kadi irudi mfukoni na mwenyewe aende meza ya pili.