MAANA YA MANENO: Siderite

Mwalimu mmoja wa Mbozi atuuliza hivi. Mwanafunzi wake aliliona neno "siderite" katika kitabu cha Kiingereza, akaelezwa ya kuwa ni jina la vitu kama Kimondo chetu cha kilima cha Marengi. Katika kitabu kingine akasoma kwamba siderite ni jiwe la rangi ya udongo, lichimbwalo ili kuyeyushwa chuma. Je, kipi ni kweli?

Vyote viwili, nalo neno lenyewe ni adimu hata kwa Waingereza. Asili yake ni Kiyunani, sideros, maana yake chuma. Wayunani waliita sideritis hata majani ya dawa ya majeraha ya upanga, na Waingereza wa zamani waliliita hivyo jiwe la sumaku. Mwaka 1845 Haidinger wa Austria alilipa jina hilo jiwe la kuchimbwa, ambalo hata likiwa safi chuma chake hakifiki nusu. Nao wataalamu wa vimondo wa karne ya 19 walikiita siderite kimondo cha chuma, wakakitenga na kile cha mawe.

Sasa tazameni tofauti. Kimondo cha Mbozi, ambacho wapimaji wengine hukihesabu tani 12 na wengine 16, ni chuma hasa, kadiri ya sehemu 90 katika 100, na karibu zote zilizobaki ni nikeli. Hakuna mhunzi aliyekiyeyusha. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza ugenini mwaka 1930, lakini wenyeji walikwisha kukijua zamani.

Uko na mtego mmoja. Kilatini kina neno sidus, yaani nyota, na likinyambuliwa huwa sideris. Basi wengi hudhani siderite ni "jiwe la nyota". Dhana hiyo yapendeza mno, kwa kuwa kitu chenyewe kimetoka juu! Lakini haijathibitika kwamba maneno hayo mawili ni ndugu, mwalimu asiifundishe.

Neno letu kimondo lina upana wake. Watu wa pwani waliita hivyo ule mwanga upitao usiku, wakisema ni kombora la malaika wawapigao majini. Sisi twaliita hivyo hata pande lililolala chini. Kiingereza hutenga hayo mawili kwa majina mbalimbali. Kwa hiyo, mwalimu, ukitafsiri siderite tazama kwanza kitabu chasema habari gani: ikiwa ni ya mbinguni, andika "kimondo cha chuma", ikiwa ni ya machimbo, andika "jiwe la chuma".