Mchezo wa kuigiza unamsaidiaje mtu aliyekimbia vita?

Waasi wa M23 waliiteka Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Maelfu ya Wakongo walivuka mipaka kuingia Burundi na Uganda. Hapa Tanzania, kambi ya Nyarugusu, Kigoma, inawapokea Wakongo tangu 1996. Kila zinapokuja habari za wakimbizi, tunasikia habari za mahema na mgao wa chakula. Majeraha ya moyoni hayasemwi sana.

Mtu aliyeona nduguye akiuawa mara nyingi hunyamaza. Anaona aibu, anamwogopa jirani, au anakosa maneno. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mchezo wa kuigiza unampa njia. Akiwa jukwaani anasema "huyu mama" badala ya "mimi". Yaliyomkuta yanatoka kwa jina la mtu mwingine, na anayetazama anagundua kwamba hayuko peke yake.

Majirani zetu wameshajaribu. Burundi, vita vikiendelea miaka ya 1990, Studio Ijambo ilirusha mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri kuhusu familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Malawi, katika kambi ya Dzaleka, wakimbizi na wenyeji hukutana kwenye tamasha la Tumaini lililoanza 2014.

Pwani yetu nayo inaujua ufundi huu. Miaka ya 1980, Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipeleka sanaa hizi vijijini, Msoga ikiwemo. Wanakijiji wenyewe walitaja tatizo, wakaliigiza, kisha wakalijadili. Na Bagamoyo kipo chuo cha sanaa tangu 1981, leo TaSUBa.

Lakini tuwe waangalifu. Asilazimishwe mtu kuigiza kifo cha mwanawe ili wageni wapige makofi. Hapo kidonda kinatoneshwa. Kiongozi wa kikundi ajue nani ameketi kati ya watazamaji, maana aliyekimbia na aliyekimbiwa wanaweza kuwa kambi moja. Na asiyelala usiku kwa jinamizi anahitaji pia mhudumu wa afya ya akili.

Mwaka 2025 Marekani na wafadhili wengine walipunguza misaada. Fedha zikipungua, chakula na dawa hutangulia, na huduma za moyo hubaki nyuma. Kikundi cha maigizo kinahitaji kivuli cha mwembe, ngoma na kiongozi aliyefundishwa. Kivuli na ngoma havikosekani kambini. Kiongozi ndiye adimu, na kumfundisha ni kazi ambayo Bagamoyo inaiweza. Tunaona wahusika wa wakimbizi na wa sanaa wangekaa meza moja kuipanga.