Ukurasa wa Nyimbo Usimwache Mzee Nje



Juma hili tulihudhuria mazoezi ya kwaya, tukamwona mzee mmoja wa sauti ya besi ameikunja nakala yake na kuitia mfukoni. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa upole: "Baba, mimi ninafuata wenzangu kwa masikio. Nota hizi ni za vijana." Tuliitazama nakala ile. Sauti nne na mashairi sita vilikuwa vimebanwa katika ukurasa mmoja. Hata sisi, ambao hatujafika miaka hamsini, tulilazimika kuisogeza kwenye taa. Na tukiri: aliyelalamikia gharama za fotokopi mwaka jana ni sisi wenyewe.

Tunathubutu kusema kwamba kuupanga vema ukurasa si urembo, bali ni tendo la upendo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, unafundisha kuwa muziki ni sehemu ya lazima ya liturujia adhimu, na unawadai wachungaji juhudi ili waamini wote washiriki. Atashirikije asiyeyaona maneno?

Mtunzi atatujibu kwamba hana muda. Wengi huandika kwa kipanya, nota moja moja, na usiku wa manane ukifika huchapa chochote kilichopo. Tangu kampuni ya Finale ilipotangaza mwezi Agosti 2024 kwamba haitaiendeleza tena programu hiyo, ni vema kujifunza MuseScore, ambayo hailipiwi. Humo herufi N hufungua uandishi wa nota. Tarakimu 5 huchagua nota ya robo, 6 nota ya nusu. Kisha herufi A hadi G huandika nota zenyewe. Tukichagua nota ya kwanza, Ctrl na L hufungua nafasi ya maneno, na kistari hugawanya silabi. Mkono ukizoea, kazi ya usiku kucha huwa ya jioni moja.

Je, muda uliookolewa ni wa nani? Kishawishi ni kutunga wimbo mwingine. Sisi twasema urudishwe kwa mwimbaji. Mtunzi achague mstari wa baa mahali waimbaji wanapovuta pumzi, abonyeze Enter, na mstari mpya wa nota utaanzia hapo. Ctrl na Enter huanzisha ukurasa mpya, ili kiitikio kisikatwe katikati. Aukuze pia ukubwa wa nota katika mpangilio wa ukurasa. Kisha achape nakala moja tu, aisome akiwa amesimama, ameishika mbali na macho kama waimbaji wafanyavyo, kabla ya kuzitoa nyingine zote.

Tunajua kwamba kurasa mbili ni ghali kuliko moja. Kwa hiyo tumemwambia mwalimu wa kwaya kwamba gharama ya ukurasa wa pili ni juu ya parokia. Yule mchungaji wa Injili hakupiga hesabu ya hasara alipomfuata kondoo mmoja. Nasi tusimpoteze mzee wetu kwa ajili ya karatasi.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.