Usianze Majuto kwa stika

Niko nyumbani Mbwara likizo, na mtandao huku unashika vizuri chini ya mkorosho mmoja tu, tena ukisimama upande wa jua. Kwa hiyo atakayeandika maoni asinune nikichelewa kumjibu. Ila hili la leo limenikaa kooni tangu wiki ya mitihani, na sitaki kulisubirisha mpaka chuo kifunguliwe.

Mtakumbuka jamaa yetu wa Moshi alivyouliza pale kwenye vimbweta: "Huyu King Majuto mnayemsifu, mtu asiyemjua aanze na filamu gani?" Swali zuri kabisa. Majibu sasa! Wa kwanza akamrushia stika nne za WhatsApp, akasema hizo zinatosha. Wa pili akamwambia atafute vipande vya dakika moja moja kwenye TikTok, eti ndiyo kwenye utamu wote. Wa tatu, msomi wetu wa kundi, akasema aanze na filamu ya kwanza kabisa, ashuke kwa mpangilio wa miaka kama tunavyosoma Historia ya Elimu. Mie nasema wote watatu wamempoteza mtoto wa watu, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuwekane sawa kwa wale wa mwaka wa kwanza. Jina lake halisi Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, 1948. Alianza kuchekesha jukwaani mwaka 1958, yaani akiwa mtoto wa kama miaka kumi. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa kwao Tanga. Hesabu mwenyewe: miaka sitini ya kazi. Na hakuwa mwigizaji wa kuitwa tu akasimame pale. Alikuwa mtunzi, mtayarishaji na mwongozaji, na ni miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo nchini kuuza kazi zao kwenye kanda za video. Huyo si mtu wa stika.

Nianze na msomi wetu, maana hoja yake ndiyo inaonekana ina akili. Kwenda kwa miaka ni jambo zuri kama miaka yote ipo. Ya Majuto haipo. Filamu ya "Girlfriend", ile iliyofungua njia ya soko la filamu za video Bongo, ilitoka 2003. Mwaka huo Majuto alikuwa na miaka 55 na alishakula jukwaa miaka 45. Sasa ukimwambia mgeni aanze na video ya kwanza, unadhani unampeleka mwanzoni, kumbe unampeleka katikati ya safari na kumwambia ndiyo stendi. Usiku wote ule wa majukwaani haukurekodiwa. Hakuna "ya kwanza" ya kuanzia. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kazi ipi iliyobeba jukwaa ndani yake, ili hata asiyelikuta alione. Tarehe iliyoko kwenye kasha haitakusaidia hapo.

Na jukwaa lenyewe lilikuwaje? Waulizeni wazazi wenu. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano Cultural Troupe, na baadaye Tanzania One Theatre, vilikuwa vinakupa usiku mzima kwa kiingilio kimoja: ngoma, sarakasi, taarab, maigizo, na katikati vichekesho. Redioni nako kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Mzee Small, aliyetutoka 2014, alipikwa kwenye chungu hicho hicho. Kichekesho cha namna ile hakihitaji vitu vingi: watu wawili watatu, mkeka, ndoo labda, na jambo dogo la nyumbani. Mmoja anadanganya, mwingine anajua kuwa anadanganywa, na sisi watazamaji tunajua zaidi ya wote wawili. Mwigizaji anasema neno lake halafu ananyamaza, anawapa watu nafasi wacheke, anasubiri kicheko kipande mpaka juu, kikianza kushuka tu anakipiga tena.

Hapo ndipo ninapowakamata watu wa TikTok. Hebu tazama kazi nzima ya Majuto, halafu tazama kipande chake kilichokatwa. Kilichotolewa ni nini? Ni ule ukimya. Mkataji anaona mzee kanyamaza sekunde tano, sita, anatoa macho tu, anasema "hapa panaboa," anakata. Mwanangu, pale ndipo kazi ilipo! Ule ukimya ni fungu la watazamaji. Mzee anakusubiri wewe. Ukiukata unabaki na mtu anayepiga kelele na kukunja uso, halafu unasema Majuto ni kelele na kukunja uso. Ni kama kumpa mtu miiba ya samaki ukamuuliza kama samaki wa Rufiji ni mtamu.

Stika ndiyo kabisaaa. Stika ni sura bila sentensi. Na sura yenyewe tunaitumiaje chuoni? Tuseme kweli. Mtu akiandika Kiswahili cha pwani kwenye kundi la darasa anarushiwa stika ya Majuto. Mtu akichelewa semina, stika ya Majuto. Akionekana mshamba, mvivu, wa kupenda ubwabwa wa shughuli, stika. Yaani yule mzee amegeuzwa picha ya "mtu wa Pwani", na mtu wa Pwani amegeuzwa kichekesho kabla hajafungua mdomo. Mimi natoka Rufiji, nayajua haya. Nimeshachekwa kwa "mie" na "hebu n'ache" kwenye mawasilisho ya darasani kuliko nilivyochekwa kwa hoja zangu. Sasa huyu jamaa wa Moshi akianzia hapo, anajifunza kumcheka Majuto. Akianza na kazi nzima, anajifunza kucheka na Majuto. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo, ila ndani yake kuna heshima ya watu wengi.

Maana mzee mwenyewe alikuwa anamcheka nani? Anayecheza ni mzee bahili, mzee mlafi, mzee anayetaka vya vijana, mzee anayejifanya anajua. Mtu mwenye mamlaka ndani ya nyumba. Na utamu unaanza pale mamlaka yanapoanza kuvuja, mke anaona, mtoto anaona, jirani anaona, yeye peke yake anadhani amejificha. Huo si utani wa kumdhalilisha mtu wa Pwani. Ni mtu wa Pwani anaiumbua nyumba yake mwenyewe kwa ufundi, kama watani wanavyoumbuana msibani na hakuna anayekasirika.

Haya, niseme sasa mgeni aanze wapi, nisije nikaambiwa nabomoa tu sijengi.

Aanze na kazi ndogo za nyumbani, zenye watu wachache. Mimi ningempa "Mwizi wa Kuku", halafu "Mtego wa Panya". Angalia majina tu: kuku, panya. Dunia nzima imeingia uani. Mtu wa Moshi ana kuku kwao, ana panya kwao, hahitaji kufundishwa chochote. Si tunafundishwa kwenye mbinu za kufundishia kwamba umtoe mwanafunzi kwenye anachokijua umpeleke kwenye asichokijua? Basi tumieni, msikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Akishashika mwendo wa mzee, aende kwenye zile alizocheza na Sharo Milionea, kijana wa Muheza aliyefariki kwa ajali Novemba 2012. Hapo ataona kitu kingine: mzee na kijana, Tanga mbili tofauti, mmoja wa jukwaa na mmoja wa "oh mama" na miwani. Ataona mkongwe anavyompa kijana nafasi, hamfuniki. Baada ya hapo ndiyo aingie kwenye "Inye" na nyingine za mkondo ule, na mwisho filamu ndefu za enzi ya Bongo Movie kama "Shikamoo Mzee". Najua wengi wenu mngemwanzishia hapo mwisho, kwa sababu picha ni nzuri na kuna mastaa wengine. Ndiyo sababu nakataa. Kwenye nyingi ya filamu zile ndefu Majuto ni pilipili iliyowekwa pembeni ya sahani ya mtu mwingine. Anaingia, anachekesha, anatoka, hadithi ya mapenzi inaendelea. Huwezi kumjua mpishi kwa pilipili.

Na sharti la mwisho, la muhimu kuliko yote: asitazame peke yake na spika za masikioni. Atazame na watu, tena wawemo wazee. Wiki iliyopita hapa nyumbani tuliwasha laptopu uani baada ya isha, umeme wa sola, watu kama kumi na watano. Bibi yangu haoni vizuri, alikuwa anasikiliza tu. Na alikuwa anacheka kabla yetu! Mzee akinyamaza, bibi anaguna "mmh, keshaanza huyo," na uwanja mzima unaanguka. Mimi niliyeitazama ile kazi mara tano niliona kwa mara ya kwanza kuwa ule ukimya ulikuwa na ukubwa sawasawa na kicheko cha watu kumi na watano. Kwenye simu unaonekana mrefu kwa sababu uko peke yako.

Najua hoja inayokuja. Dada zetu wa Hall watasema: mbona utani mwingine wa Majuto ni wa kuwasema wanawake, na mwingine ni mzito hata kusikiliza na mama? Ni kweli, upo, na siutetei. Mtu aliyefanya kazi miaka sitini ataacha na makapi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuchagua mlango vizuri. Kipimo changu ni hiki: anza na ile ambayo mzee ndiye anayeumbuka. Ukikuta anayeumbuka mwisho ni mke au mtoto au mnyonge, iweke pembeni, utairudia ukiwa na jicho la kuhukumu. Ukikuta anayeumbuka ni mwenye nyumba, mwenye funguo, mwenye kauli ya mwisho, hapo umeingia kwa mlango wa mbele.

Sasa ninyi wenzangu wa Elimu, hasa wa Kiswahili, nina ugomvi nanyi. Tunafundisha kwamba vichekesho ni mojawapo ya sanaa za maonyesho katika fasihi simulizi. Tunaandika ubaoni: maigizo, majigambo, utani, ngonjera, vichekesho. Mwanafunzi ananakili, anakariri, anapata alama zake. Muulize atoe mfano wa kichekesho, anakodoa macho. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu naye alidesa. Somo linasema ni fasihi, ila Majuto akitajwa darasani watu wanaona umeleta masihara. Kama jina lipo kwenye mtaala na mwenye jina anatupwa kwenye stika, basi tunafundisha kaburi na kumcheka marehemu.

Na kuna suala la riziki. Mwaka 2018 mzee alipokuwa anaumwa, mpaka akapelekwa India kutibiwa, ndipo nchi ilipoanza kuzungumzia mikataba ya matangazo aliyokuwa amesaini. Waziri wa Habari wa wakati ule, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Sheria ya Hakimiliki ilikuwepo tangu 1999, lakini mtu aliyetuchekesha tangu 1958 alifika kitandani ndiyo tukauliza alilipwaje. Halafu leo tunamwambia mgeni aanze na kipande kilichokatwa na mtu asiyejulikana, kikapandishwa kwa akaunti isiyohusika na aliyekitengeneza. Tunaendelea kula ugali wa mtu na tunamwachia sufuria.

Mjomba wangu anazo CD halisi, amezitunza kwenye sanduku la nguo, nyingine zina ile stika ya TRA iliyoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013. Kwa habari ya Majuto, hiyo ndiyo stika pekee ninayoitambua, teh teh. Amenikubalia nije nazo mbili, kwa kiapo cha kuzirudisha. Atakayepata laptopu ya zamani yenye tundu la CD aseme mapema, tutafute na spika, na tukae uwanjani nje kabisa, wengi. Mtu wa Moshi akae mbele. Wale wa vipande vya dakika moja wanakaribishwa pia, ila atakayesogeza mbele mzee akiwa amenyamaza, bumu likitoka yeye ndiye anayenunua chipsi za wote.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja tofauti mje nazo, ila mje na jina la kazi mliyoitazama mpaka mwisho.