Kivu Haihitaji Mgeni Mwingine

Tukianza kuzungumza habari za chakula, sisi wanafunzi wa Kigali, hakosekani mmoja wa kusema: "Mbona Kivu ina samaki wadogo tu? Si wachukue sangara wa Ziwa Victoria wawamwage kule, shida iishe?" Wengi hutikisa kichwa kukubali. Hoja hii nimeisikia mezani, nimeisikia hata kwenye mdahalo darasani, na aliyeitoa alipigiwa makofi. Mimi naipinga. Ni hoja ya hatari, hasa kwa sababu imejengwa juu ya jambo la kweli.

Jambo lenyewe ni isambaza. Samaki huyu si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji. Leo ndiye uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa hilo, kuanzia Rubavu hadi Rusizi, na ndiye samaki ambaye mtu wa kipato kidogo anaweza kumnunua kwa kipimo sokoni. Basi wenzangu husema: mgeni wa kwanza ametulisha, kwa nini tusimkaribishe wa pili? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Swali wasilouliza ni hili: isambaza alipofika, alikalia kiti cha nani? Hakukalia cha mtu. Kivu ni ziwa la ajabu. Kina chake kinakaribia mita 485, lakini samaki wanaweza kuishi katika tabaka la juu tu, lisilozidi mita 70 hivi. Chini ya hapo hakuna oksijeni; kuna kabonidayoksaidi na methani, gesi ile ile inayozalisha umeme Karongi. Aidha, maporomoko ya mto Rusizi yaliwazuia samaki wa Tanganyika wasipande. Kwa hiyo wenyeji wa Kivu walikuwa wachache, na wengi wao hukaa karibu na ufuo, kwenye mawe na matete. Maji ya katikati yalijaa vijidudu vidogo bila samaki wa kuvila vya kutosha. Isambaza, ambaye mchana hushuka na usiku hupanda juu kufuata vijidudu hivyo, alipata nyumba tupu yenye chakula. Ndiyo maana wavuvi humvua usiku kwa taa.

Sasa tutazame Ziwa Victoria, ambako nyumba haikuwa tupu. Kulikuwa na ngege, na kulikuwa na mamia ya aina za furu, kila moja na chakula chake na mahali pake. Furu wengi huatamia mayai kinywani, tena machache. Hawazaani kwa maelfu. Sangara aliingizwa kati ya miaka ya 1950 na 1960. Anaweza kuzidi kilo 100, na hula samaki wenzake. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, na inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Mgeni alikuja, mwenyeji hakupona.

Mtu atanijibu: sangara aliwaletea watu viwanda na fedha za kigeni. Sikatai. Lakini Victoria ina kilomita za mraba zipatazo 68,000. Kivu haifiki hata 3,000, na kina chake kikubwa ni maji yasiyo na oksijeni. Sangara akiingia humo atakula nini, kama si isambaza yule yule tunayejivunia? Tutakuwa tumechukua chakula cha maskini na kumlishia samaki wa hotelini.

Hata isambaza mwenyewe hakuja bure. Baada ya kuja kwake, aina moja kubwa ya vijidudu vya Kivu ilitoweka. Na katika miaka ya 2000 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, aligunduliwa humo, ingawa hakuna aliyepanga aje. Vyakula vyao vinaingiliana. Tena ziwa si letu peke yetu: tukikosea sisi, atakayelala njaa anaweza kuwa jirani yetu wa Goma au Bukavu.

Kama tunataka samaki zaidi, njia ipo, ila haifurahishi masikio kama hoja ya sangara. Kila mwaka uvuvi wa isambaza husimamishwa kwa miezi kama miwili ili wazaane. Miezi hiyo bei hupanda, nasi wa Kigali hulalamika, na malalamiko yetu ndiyo soko la anayevua kwa siri kwa nyavu za matundu madogo. Mchanga wa samaki akivuliwa leo, mwakani tutamtafuta mzazi tusimwone. Tuvumilie miezi miwili. Tukatae kununua vifaranga vya samaki hata vikiuzwa rahisi.

Na ninyi wenzangu mnaopiga makofi kwenye midahalo, kabla ya kumwalika samaki ziwani, ulizeni kwanza mambo matatu: anaishi wapi, anakula nini, anazaaje. Asiyeweza kujibu hayo hajajiandaa kwa mdahalo, sembuse kupanga mambo ya ziwa zima.